Makohozi, Nebulaiza na Kipimo cha Pumzi: Mwongozo wa Kutoambukizana TB Kituoni

Kila wakija wauguzi wapya au wanafunzi wa mazoezi, maswali ni yale yale. Nikimwekea mgonjwa nebulaiza (mashine inayogeuza dawa kuwa ukungu wa kuvuta) nivae N95, ile barakoa ya kuchuja chembe, au ile ya kawaida ya bluu inatosha? Makohozi akatolee wapi, chooni? Huyu aliyeletwa kupimwa pumzi anakohoa tangu mwezi jana, nimpulizishe tu? Nimeyajibu koridoni hadi sauti imenikauka, kwa hiyo leo nayaandika.

Mwongozo huu ni wako wewe wa zahanati au kituo cha afya, usiye na chumba chenye mashine ya kuvuta hewa na usiyetarajia kukipata mwaka huu. Kwa kazi nyingi hutakihitaji. Unahitaji dirisha, kivuli cha mwembe, saa ya mkononi na ukaidi kidogo.

NADHARIA, KIDOGO TU

Mtu haambukizwi TB ya mapafu kwa kushikana mkono wala kwa kunywea kikombe kimoja na mgonjwa. Anaambukizwa kwa hewa. Mgonjwa akikohoa, matone makubwa huanguka sakafuni. Yale madogo hukauka hewani yakabaki chembe za maikroni moja hadi tano, na maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Chembe hizo huelea kwa saa kadhaa. Mgonjwa ameshapanda bodaboda na kufika kwake, pumzi yake bado inazunguka chumbani, nawe unaingia na chai yako.

Huduma tatu tunazozungumzia zinaongeza hatari kwa sababu zinamfanya mgonjwa akohoe au atoe pumzi kwa nguvu. Kutoa makohozi ni kukohoa kwa makusudi. Spairometa, yaani mashine ya kipimo cha pumzi, inamtaka apulize mpaka mapafu yaishe, tena mara tatu na pengine mpaka nane, na wengi huishia kukohoa. Nebulaiza ina ubishi wake. Uingereza, wakati wa Uviko-19, walisema ukungu unaouona ni wa dawa iliyomo kikombeni, hautoki mapafuni mwa mgonjwa, hivyo hawakuiweka kwenye orodha ya huduma zinazotoa chembe za kuambukiza. Hoja naielewa. Lakini nimesimama kando ya wagonjwa wengi wa nebulaiza, na sikumbuki aliyemaliza dakika kumi bila kukohoa. Halafu kuna habari ya Hong Kong. Machi 2003, Hospitali ya Prince of Wales ilikuwa na mgonjwa wa SARS, ugonjwa mkali wa mapafu unaoletwa na virusi, ambaye ugonjwa wake haukuwa umejulikana bado, naye akipewa dawa ya kifua kwa nebulaiza akiwa wodini pamoja na wengine. Kwenye mlipuko ule watu 138 waliugua, 69 kati yao wakiwa wahudumu wa afya, na waliouchunguza waliitilia shaka nebulaiza. Mimi naichukulia kama huduma ya hatari. Hasara ya tahadhari hiyo ni kutembea hatua ishirini mpaka nje.

VITU VYA KUANDAA

- Mahali pa nje penye kivuli, mbali na foleni, madirisha ya wodi na jiko.
- Vijiti vya udi na kiberiti. Usicheke, utaona kazi yake.
- Futi ya fundi, ya kupimia chumba na dirisha.
- Barakoa za kawaida kwa ajili ya wagonjwa.
- N95 au FFP2 (barakoa ya kuchuja ya kiwango karibu sawa) kwa ajili ya wahudumu, za saizi zaidi ya moja kama zinapatikana.
- Makopo ya makohozi yenye kifuniko cha kuzungusha, pamoja na kalamu ya wino usiofutika.
- Inhela ya salbutamol, dawa ya kufungua kifua, na spesa, chombo cha plastiki kinachokaa kati ya inhela na kinywa.
- Kama mna spairometa: filta za kutumia mara moja, moja kwa kila mgonjwa.
- Klorini, sabuni, ndoo yenye mfuniko, saa na daftari.

Dawa ya kupuliza ya kunukiza chumba sikuiandika, na sikuisahau. Harufu ya limau haiui bakteria yeyote.

HATUA KWA HATUA

1. Jiulize kama kazi yenyewe inahitajika leo, na kama lazima ifanyike kwa njia hiyo.

Wageni huruka hapa wakakimbilia barakoa. Hatari iliyo rahisi kuzuia ni ile ambayo hukuianzisha. Kipimo cha pumzi ni mara chache sana kuwa cha dharura, kinaweza kusubiri. Mgonjwa wa pumu mara nyingi hahitaji nebulaiza, inhela yenye spesa inamtosha (tazama hatua ya 8). Mtoto mdogo asiyeweza kutoa makohozi anaweza kupimwa TB kwa choo kikubwa kupitia GeneXpert, mashine ya maabara inayotafuta vinasaba vya TB. Mtu anayeishi na VVU akiwa mgonjwa sana ana kipimo cha mkojo, ile LAM. Choo na mkojo havimkohozi mtu.

Kama hujawahi kukohoza mgonjwa kwa kumvutisha mvuke wa maji ya chumvi kali, usijifunzie zahanati. Mpe rufaa.

2. Uliza maswali ya TB kabla mgonjwa hajakaa kwenye benchi.

Kikohozi cha wiki mbili au zaidi? Homa? Kutoka jasho usiku hadi shuka linalowa? Kupungua uzito? Kukohoa damu? Kwa anayeishi na VVU kikohozi cha muda wowote kinahesabika, hata cha siku mbili. Akijibu ndiyo, hata kwa swali moja, mpe barakoa ya kawaida, mtoe kwenye foleni akae nje kivulini, na umhudumie mapema ili asishinde kituoni.

Namna ya kumwambia ina uzito wake. Ukimnyooshea mzee barakoa mbele za watu kama unamnyooshea mwizi, kesho haji. Mimi husema hivi: "Shikamoo babu. Leo wenye kikohozi wote tunawapa hii na kuwatanguliza mbele ya foleni. Vaa, twende huku nje penye hewa nzuri." Neno "kuwatanguliza" hufanya kazi kubwa kuliko mabango yote ya ukutani.

3. Washa udi uone hewa inaelekea wapi.

Simama katikati ya chumba, madirisha na mlango vikiwa kama vinavyokuwa siku zote za kazi. Washa kijiti cha udi na uangalie moshi. Kisha simama dirishani, halafu mlangoni. Fanya hivyo asubuhi, fanya tena jioni upepo ukibadilika, na kama kuna zamu ya usiku fanya na usiku. Moshi ukitoka dirishani haraka, chumba kinapumua. Ukikaa kichwani mwako kama wingu, pumzi ya mgonjwa nayo itakaa hapo hapo. Ukitoka chumba cha nebulaiza kwenda kwenye benchi la wamama wa kliniki, hicho chumba hakifai, hamia kingine leo.

Feni ya kusimama nayo unaikagua kwa udi. Kituo nilichoanzia kazi kilikuwa na feni nzuri mpya, imewekwa nyuma ya kiti cha mgonjwa "apate ubaridi". Udi ulionyesha moshi ukipita begani mwa mgonjwa, usoni mwa muuguzi, kisha ukatokea dirisha la dawa ambako watu wamepanga foleni. Ilikuwa imekaa hivyo tangu iliponunuliwa, na wote tulikuwa tunaishukuru kwa joto lile.

Angalia: AC ya ukutani hailetei hewa mpya chumbani. Inachukua ile ile, inaipoza, inairudisha. Kufunga madirisha ili AC ifanye kazi ni kosa nililolikuta Dar zaidi ya mahali pengine, na kwa joto la Februari sishangai. Feni ya dari nayo inachanganya hewa tu, madirisha lazima yawe wazi.

4. Piga hesabu ya chumba.

Shirika la Afya Duniani linataka chumba cha mgonjwa wa aina hii kibadilishe hewa angalau mara 12 kwa saa. Kwa chumba chenye matundu pande mbili, kadirio ni hili: zidisha 0.65 kwa mwendo wa upepo (mita kwa sekunde), kwa eneo la tundu lililo dogo (mita za mraba), kwa 3,600, kisha gawanya kwa ujazo wa chumba.

Mfano. Chumba cha mita 4 kwa 3, dari mita 3: ujazo ni 36. Mlango upo upande mmoja, dirisha upande wa pili, na dirisha limefunguka mita 1 ya mraba. Moshi wa udi unasogea nusu mita kwa sekunde. 0.65 × 0.5 × 1 × 3,600 ni 1,170. Gawanya kwa 36, unapata zaidi ya 32. Chumba kinafaa, tena sana. Sasa yale madirisha ya vioo vya kulala yabaki nusu yamefunga, nafasi halisi iwe 0.2: unapata 6 na nusu. Chumba ni kile kile, upepo ule ule, tofauti ni mkono wa mtu aliyefunga vioo.

Pima nafasi iliyo wazi kweli, usipime fremu. Dirisha la kusukuma upande linafunguka nusu tu. Nyavu za mbu nazo hupunguza upepo, na zikijaa vumbi zinakuwa kama ukuta. Zioshwe.

Usidharau jengo la zamani. Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti wa hospitali za Lima, Peru. Vyumba vilivyofunguliwa madirisha na milango vilibadilisha hewa mara 28 kwa saa, vile vya kisasa vyenye mashine mara 12. Yale majengo ya zaidi ya miaka hamsini, yenye dari ndefu na madirisha makubwa, yalifika 40. Kwa hiyo ile wodi ya mkoloni mnayotaka kuivunja, ipimeni kwanza.

5. Panga viti kwa kufuata hewa.

Hewa ikufikie wewe kwanza, kisha mgonjwa, kisha itoke. Ikiwa inaingia mlangoni na kutoka dirishani, wewe kaa upande wa mlango, mgonjwa akae dirishani. Feni, kama ipo, iwe nyuma yako ikielekea dirishani. Chora alama za rangi sakafuni penye miguu ya viti, maana mfanyakazi wa usafi atavirudisha "vinavyopendeza".

6. Barakoa, na ni ya nani.

Ya kawaida anavaa mgonjwa, inakamata matone yanapotoka kinywani. N95 unavaa wewe, inachuja angalau asilimia 95 ya chembe ndogo ikiwa imekaa vizuri usoni. Ile ya bluu ukivaa wewe, hewa inapita mashavuni, na kuvaa mbili hakuzibi mashavu. Mgonjwa naye usimpe N95 yenye kidude cha kutolea pumzi mbele, kwa sababu pumzi yake itatoka hapo bila kuchujwa.

Kila unapovaa: mkanda wa juu upite juu ya masikio, wa chini upite shingoni, ubonyeze chuma kifuate pua kwa vidole viwili. Funika barakoa kwa viganja, toa pumzi kwa nguvu. Ukihisi upepo machoni au mashavuni, rekebisha. Vuta pumzi, ijisikie inajivuta kuelekea uso. Ndevu zinaharibu kila kitu. Mwenye ndevu na asiyetaka kunyoa, na wapo wenye sababu zao za dini, apangiwe kazi nyingine siku hiyo bila maneno mengi.

Kama utaratibu wa kituo unaruhusu kuirudia, ihifadhi kwenye bahasha ya karatasi yenye jina lako. Kwenye mfuko wa plastiki inabaki na unyevu. Imelowa, imekunjika au mkanda umelegea? Imekwisha.

7. Kuchukua makohozi.

a) Andika jina na namba ubavuni mwa kopo. Ukiandika kwenye kifuniko, maabara watavifungua vifuniko vitano pamoja na hutajua cha nani ni kipi.

b) Mpeleke mgonjwa nje, mahali ulipopachagua. Chooni hapana. Nimelisema hili mara nyingi na bado wagonjwa wanaelekezwa chooni "ili asione aibu". Choo ni kachumba kadogo, hakina upepo, na anayefuata kuingia ni mjamzito.

c) Muonyeshe kabla hajaanza, kwa maneno na kwa vitendo: asukutue mdomo kwa maji; avute pumzi ndefu aizuie kidogo, aitoe; mara ya pili hivyo hivyo; mara ya tatu akohoe kutoka chini ya kifua, ateme ndani ya kopo, afunge kifuniko kwa nguvu.

d) Sogea. Simama upande upepo unakotoka, hatua kadhaa, usimkabili uso kwa uso. Hakuna haja ya kumshikia kopo mtu mwenye mikono yake miwili.

e) Kagua. Unataka mililita 3 hadi 5, kitu kizito, cha kamasi au chenye usaha. Mate mepesi yenye povu hayafai. Iwe unapeleka kwenye hadubini, GeneXpert au kwa panya buku wa Morogoro waliofundishwa kunusa TB, mate ni mate. Mwombe kwa upole arudie.

f) Kopo liende maabara siku ile ile. Likichelewa, liwekwe kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, lakini lisilale kwenye friji ya chanjo, na wala lisionekane kwenye ile mnayowekea maziwa ya chai.

8. Mgonjwa wa pumu: spesa kwanza.

Hapa ndipo tabia ni ngumu kubadilika, kwa sababu mgonjwa mwenyewe anadai "mashine". Inhela yenye spesa inafungua kifua sawa na nebulaiza kwa wagonjwa wengi, na haipulizi ukungu chumba kizima. Kwa mtu mzima na mtoto wa miaka 6 kwenda juu: mipulizo 4 hadi 10 ya salbutamol kila dakika 20 kwa saa ya kwanza, ukimwangalia. Bonyeza mpulizo mmoja, avute pumzi za kawaida nne au tano, tikisa inhela, bonyeza mwingine. Ukibonyeza mitano kwa pamoja dawa inaishia kwenye plastiki.

Huna spesa? Chupa ya maji ya nusu lita. Mwaka 1999 Heather Zar na wenzake wa Cape Town walionyesha kuwa chupa hiyo, ikizibwa vizuri pale inhela inapoingia, iliwasaidia watoto wenye pumu sawa na spesa ya kununua. Toboa kitako cha chupa kwa waya wa moto uliofuata umbo la mdomo wa inhela, ingiza, ziba pembeni kwa gundi. Mdomo wa chupa ndio unaingia kinywani. Osha kwa maji ya sabuni ya vyombo, iache ichuruzike ikauke yenyewe. Ukiifuta kwa kitambaa, plastiki inapata umeme ule unaosimamisha nywele, na dawa inang'ang'ania kwenye ukuta wa chupa. Kila mgonjwa na chupa yake, aende nayo nyumbani.

Nebulaiza ibaki kwa aliyezidiwa: hawezi kumaliza sentensi, anahitaji oksijeni, amechoka au ameshindwa spesa. Hapo usisite. Mweke chumba kilichofaulu hatua ya 3 na 4, karibu na dirisha, watoe wasiohusika, vaa N95, mwekee, kisha msimamie ukiwa upande wa hewa safi. Usiwaweke wawili chumba kimoja kwa kuwa mashine ina njia mbili.

9. Kipimo cha pumzi.

Rudia maswali ya hatua ya 2, hata kama aliyempa rufaa aliyauliza. Akiwa na dalili yoyote ya TB, apimwe TB kwanza, spairometa baadaye. Anayekohoa damu hapulizi kabisa.

Asiye na dalili: nawa, funga filta mpya mbele ya macho yake, mkalishe upande wa dirisha, wewe upande wa mlango. Mweleze yote kabla hajavua barakoa, usije ukamfundisha huku anakohoa. Avute pumzi mpaka kifua kijae, azibe midomo kwenye kipande cha mdomoni, apulize kwa kishindo na aendelee mpaka isibaki kitu. Unatafuta mipulizo mitatu mizuri. Ikifika minane haijapatikana, acha. Kati ya mpulizo na mpulizo avae barakoa, na akishikwa na kikohozi mtoke nje wote wawili.

Wenye kinga dhaifu wapangie asubuhi mapema, kabla chumba hakijapuliziwa na mtu. Na kama swali lako ni moja tu, kwamba pumu ya huyu imetulia au la, kipima-mpulizo kidogo cha mkononi kinatosha, na hicho anakipulizia kibarazani.

10. Toka, funga mlango wa ndani, subiri.

Hili ndilo linalorukwa na kila mtu, nami nimo. Kazi imekwisha, foleni ndefu, unamwita anayefuata. Lakini chumba kinachobadilisha hewa mara 12 kwa saa kinahitaji dakika 23 kuondoa asilimia 99 ya chembe. Mara 6: dakika 46. Mara 2, yaani chumba kilichofungwa fungwa: dakika 138, zaidi ya saa mbili. Ndiyo maana nimekusumbua na hesabu ya hatua ya 4. Andika kwenye kipande cha karatasi saa ya kuingia tena, kibandike mlangoni. Madirisha yabaki wazi. Mfanyakazi wa usafi naye anasubiri. Mapafu yake ni kama yako, na mara nyingi hakuna anayemwambia.

Kazi ikifanyika nje kwenye upepo, hakuna kusubiri. Sasa unajua kwa nini nakusukumia mwembeni.

11. Usafi.

Makohozi yakimwagika: funika kwa karatasi au kitambaa, mwagia klorini ya 0.5%, acha dakika 30, ndipo ukusanye. Ukiwa na jiki ya 3.5%, changanya kipimo kimoja kwa maji vipimo sita. Kikombe na barakoa ya nebulaiza vioshwe kwa sabuni kila baada ya mgonjwa, vitakaswe kama mtengenezaji anavyoelekeza, vikaushwe kabisa. Filta na vipande vya mdomoni vya karatasi viende kwenye taka hatarishi.

UKIKWAMA

Mvua inanyesha. Banda lenye paa na lisilo na kuta linafaa. Veranda pia, ikiwa upande wa upepo hakuna dirisha la wodi.

Kunazizima, watu wanafunga madirisha. Wenzangu wa Njombe, Makete na Limuru, nawaelewa. Wapeni wagonjwa mablanketi, acheni wazi madirisha ya juu yaliyoko pande mbili, na kazi za kukohoa zipangeni saa jua limetoka. Kufunga kabisa kunakubalika tu chumba kikiwa hakina mgonjwa wa kifua na hakijatumiwa naye.

Moshi wa udi hausogei hata madirisha yakiwa wazi. Pengine matundu yako yako upande mmoja tu. Fungua mlango wa upande wa pili, ila kwanza hakikisha hauelekei kwenye watu. Ikishindikana, weka feni dirishani ikitoa hewa nje, washa udi tena. Bado? Hicho kiwe chumba cha mafaili.

Mgonjwa hataki barakoa kwa kuwa inamkaba. Mtu mwenye pumu iliyombana usimlazimishe. Mtoe nje, mpe kitambaa au karatasi azibe mdomo akikohoa, wewe baki na N95 yako.

N95 zimeisha. Fanya nje, kaa upande upepo unakotoka, punguza muda, ahirisha kila kisicho cha dharura. Toa taarifa kwa mganga mfawidhi kwa maandishi, ibaki kumbukumbu.

Majibu ya mgonjwa yametoka, ana TB, na wiki jana ulimwekea nebulaiza ukiwa na barakoa ya bluu. Pumua. Kuvuta bakteria siku moja si sawa na kuugua, na wengi wanaoambukizwa hawaugui. Mwambie mratibu wa TB wa wilaya, uandikwe jina, uulizwe dalili sasa na tena miezi inayofuata. Ukianza kukohoa, peleka makohozi yako mwenyewe bila kujitibu kwa amoksilini ya duka la dawa. Kama unaishi na VVU, au una sababu nyingine ya kinga kushuka, uliza kuhusu dawa za kuzuia TB, na una haki ya kuomba kuhamishwa kwenye kazi hizi bila kutangaza sababu kwa kituo kizima.

Bosi anasema mnapoteza muda kusubiri dakika 23. Muoneshe udi. Washa mbele yake mara tu mgonjwa anapotoka, akiwa amesimama hapo hapo. Kwangu maneno hayakufaulu, moshi ulifaulu.

Filta za spairometa zimeisha na watu wanne wako kwenye benchi. Usioshe filta, usikaushe juani, usimpulizishe mtu bila filta "huyu mmoja tu". Siku hiyo vipimo vimekwisha. Waandikie tarehe nyingine kwenye kadi, na kabla ya tarehe hiyo piga simu stoo uulize kama zimefika.